Picha Bila Sauti

Siku lifti ilipoharibika, wafanyakazi wa kampuni ya intaneti walilazimika kupita kwenye ukumbi wa wateja kama watu wengine, na ndivyo mwanamke aliyeitwa Trafiki alivyokutana na mtu aliyekuwa akimsema vibaya bila kumjua.

Ilikuwa alasiri ya Jumatatu na ukumbi umefurika. Viti vyote vimekaliwa, waliokosa viti wameegemea kuta, kila mtu ana kikaratasi chake cha foleni mkononi. Mbele ya kaunta alisimama mwanamume mrefu mwenye koti jeupe lililojaa madoa ya rangi ya waridi. Alikuwa akieleza, kwa upole kabisa, kwamba aliyepanga mnara wa mtaa wao angefaa kufungwa kwenye kiti na kulazimishwa kutazama uso ulioganda kila jioni mpaka atubu. Dada wa Kaunta, ambaye siku nzima hakuwa amepata cha kumchekesha, alimwona Trafiki akipita, akamwita.

"Mwenye mnara huyo hapo," akamwambia mteja. "Mweleze mwenyewe."

Trafiki alivaa gauni la kijani kibichi na raba nyeupe, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Kazini walimpa jina hilo kwa sababu kazi yake ilikuwa ile ile ya askari wa barabarani, ila magari yake yalipita hewani. Yeye ndiye aliyeamua nani apite, nani asubiri na nani apunguze mwendo. Mteja aligeuka, akamtazama, akapoteza nusu ya hasira yake.

"Kumbe anayenitesa ana sura nzuri hivi."

"Na anayeteswa amemwagikiwa na nini?"

"Ufizi," akasema, akiyatazama madoa yake. "Natengeneza meno ya bandia. Ukizeeka uje, nitakufanyia bei ya jirani."

Trafiki alicheka, naye akamtazama anavyocheka kama mtu anayesoma. Alimweleza kwamba jioni watu wote hurudi nyumbani kwa mkupuo na mnara ni ule ule mmoja, hauongezeki kwa sababu watu wameongezeka. Ndiyo maana kuna utaratibu. Simu za sauti hupita kwanza, maana sauti ikikatika haina faida tena, kisha hufuata kazi za ofisi na masomo. Video hupita mwisho. Mtu anayetazama sinema hafi akisubiri kidogo.

"Sasa kama unataka kuongea na mtu," akamalizia, "si upige simu ya kawaida?"

"Hiyo siwezi," akasema yule mwanamume. Tabasamu lilimpotea alipokuwa akisema hivyo, lakini foleni ilikuwa ikisukuma, na Trafiki alikuwa amechelewa zamu.

Jioni ile aliufungua mnara wa mtaa ule kwenye kompyuta yake. Akakuta kikomo cha kasi kilichowekwa zamani, enzi za mitambo mibovu, kikasahauliwa. Mtaa mzima ulikuwa ukipangishwa foleni na barabara iko wazi. Alikiondoa, akaona mistari kwenye skrini ikipanda kama watoto walioachiwa kwenda kucheza, akajisikia vizuri kuliko alivyojisikia kwa muda mrefu.

Kesho yake Fundi Meno alipiga simu huduma kwa wateja, akamtaka yule wa gauni la kijani. Dada wa Kaunta alijibu kwamba kampuni haitoi namba za wafanyakazi. Kisha akaitoa.

Tuseme ukweli, Trafiki alikuwa mpweke. Kazi yake ilianza wakati wenzake wanafunga mikoba. Alikaa peke yake katika chumba chenye baridi, koti begani hata wakati wa joto, na jioni za watu maelfu zikampitia machoni kama mistari ya rangi. Aliona mpira unapoanza, aliona watoto wanapolazwa, aliona mitaa ikinyamaza mmoja baada ya mwingine, na katika mistari yote hiyo hakuna uliokuwa ukimtafuta yeye. Kwake kulikuwa na meza yenye viti viwili, na cha pili kilikuwa cha kuwekea nguo. Shangazi yake, aliyemlea, alipiga simu kila Jumapili kuuliza swali lile lile, na yeye akajibu jibu lile lile, kwamba anashughulika.

"Unashughulika kuwaunganisha watu," Shangazi alimwambia siku moja. "Wewe nani anakuunganisha?"

Basi Fundi Meno alipoingia, aliingia nyumba iliyokuwa wazi. Walikutana mchana kabla ya zamu, katika karakana yake iliyonuka nta iliyoyeyushwa, ambako taya za plasta zilipangwa rafuni zikiwachekea wateja. Alivaa shati lililopigwa pasi siku alizojua Trafiki atakuja, na madoa yakalipata hilo nalo. Alikuwa na namna zake. Kabla ya kusema naye alimgusa bega kwanza. Trafiki alipokuwa akiongea alimkazia macho usoni mpaka mwisho wa sentensi, hakuchezea simu wala hakutazama mlangoni. Mikono yake haikutulia, kila neno ilitaka kulichora. Trafiki alidhani hayo yote ni mapenzi. Mengine yalikuwa mapenzi kweli.

Simu zao zilikuwa za kipuuzi, kama inavyotakiwa.

"Laazizi, umekula?"

"Nimekula. Wewe umewauma wangapi leo?"

"Mimi siumi. Natengeneza vya kuumia. Vaa lile gauni kesho."

"Lipi? Nina magauni mengi."

"Una moja. Mengine ni nguo tu."

Penzi lilikuwa na shimo moja. Trafiki alipata mapumziko yake saa mbili usiku, na huo ndio wakati pekee wa zamu ambao angeweza kutoka nje ya chumba chenye baridi, akaketi ngazini na kuongea na mtu wake. Na saa hiyo hiyo Fundi Meno hakupokea simu, hata siku moja. Alipoulizwa alisema ana shughuli. Alipoulizwa shughuli gani, alisema ya nyumbani, akabadilisha mazungumzo. Trafiki alikaa ngazini na simu yake, akila mkate wake peke yake, akawa mpweke kuliko zamani, kwa kuwa zamani hakuwa na wa kumngoja.

Sasa msomaji aingie naye ndani ya chumba cha Fundi Meno, kwa kuwa Trafiki hakualikwa.

Saa mbili alifunga mlango, akawasha taa zote, akavaa shati la rangi moja ili mikono yake ionekane, akaketi mbele ya kompyuta. Kwenye skrini alitokea mama yake, mbali, katika mji mwingine. Mama huyo hakusikia tangu utoto. Maneno yake yote yalikuwa mikononi, na mwanawe aliijua lugha hiyo ya alama kabla hajajua kutamka. Walizima vipaza sauti kwa kuwa havikuwa na kazi, wakaongea saa nzima kimya kimya, wakicheka, wakisutana, mama akimuuliza kama anakula na kwa nini shingo yake imekuwa nyembamba.

Ila jicho moja la mama lilikuwa limeshakufa kwa presha ya macho, na la pili lilikuwa likififia. Daktari alitaka kulipasua. Alisema huenda likapona na huenda likazimika kabisa, na akataja siku. Tangu hapo mama alikuwa na ombi moja. Alijua, kwa kuwa mama hujua, kwamba mwanawe amepata mtu.

"Nataka kumwona huyo mwanamke wako," mikono yake ilisema, "kabla hawajanigusa jicho. Nikishamwona, wafanye watakavyo."

Fundi Meno aliahidi. Aliahidi kila jioni, na kila mchana akamtazama Trafiki akashindwa kusema. Aliwahi kuwa na mchumba. Siku alipompeleka kwa mama, yule mchumba alitabasamu vizuri mpaka wakatoka nje, kisha akauliza kama watoto wao nao watazaliwa hivyo, na kabla ya mwezi kwisha pete ilirudishwa kwa mkono wa kaka yake. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na Fundi Meno aliijua methali hiyo vizuri. Akajipa mpaka Alhamisi. Alhamisi angemwambia Trafiki yote na jioni hiyo hiyo angemketisha mbele ya kamera.

Trafiki hakufika Alhamisi. Jumapili iliyotangulia Shangazi alimuuliza mwanamume huyo anafanya nini saa mbili usiku. Trafiki akasema hajui.

"Kuuliza si ujinga, mwanangu," Shangazi akasema. "Muulize mpaka ajibu."

Angefuata ushauri huo, hadithi hii ingekuwa fupi. Lakini alikuwa na njia nyingine ya kujua, na mtu mwenye njia ya mkato hasikii la mkubwa. Kampuni ilikataza kufungua laini ya mteja asiyelalamika. Jioni ya Jumatatu, saa mbili, badala ya kwenda ngazini Trafiki alibaki kitini na kuifungua laini ya Fundi Meno.

Skrini haikuonyesha sura wala maneno. Ilionyesha mafungu tu. Sauti ilikuwa na fungu lake na video lake, kila moja na kiasi kinachopanda na kinachoshuka. Mtu anayetazama sinema hupokea tu. Anayeonana na mtu hupokea na kutuma sawasawa. Kwa Fundi Meno video ilikuwa ikipanda na kushuka kwa nguvu moja, pande zote mbili, mfululizo. Fungu la sauti lilikuwa sifuri.

Trafiki alidhani mtambo umekosea. Akaupima upya, sifuri ikabaki sifuri. Watu wawili walikuwa wakitazamana saa nzima bila kusema neno. Kwa akili yake ya kazi, iliyozoea kujua mambo ya watu kwa uzito wake tu, hilo lilikuwa na maana moja peke yake. Alijua mke hana, dada hana. Alimwona mwanamke huyo kama yuko chumbani, ameketi mbele ya kamera, hana haja ya kuongea.

Alichofanya baadaye kilichukua muda wa kupiga chafya. Aliiwekea laini ile kikomo cha kasi, kidogo kiasi cha kupitisha ujumbe wa maandishi na si zaidi. Alijiambia ni jioni moja tu, wajue adabu. Kisha akarudi kwenye mistari ya watu wengine, macho yamejaa maji, akiwapangia barabara.

Mbali huko mama alikuwa katikati ya neno. Mwanawe aliona mikono yake ikiganda hewani, vidole vimefunguka nusu, ikabaki hivyo. Alipiga tena, akapata uso uliopasuka vipande. Akajaribu kwa simu ya mkononi, iliyounganishwa na laini ile ile, ikawa vile vile. Mwishowe alimpigia jirani wa mama yake, akamwomba amwashirie tu kwamba hajambo.

Kesho yake alimpigia Trafiki mchana.

"Mpenzi, intaneti yangu imekufa tena. Nisaidie."

"Mnara hauna shida," akasema Trafiki. Alikuwa kitandani, hajalala. "Unahitaji ya nini?"

"Kuna mtu lazima nionane naye jioni."

"Mpigie simu ya kawaida."

"Siwezi."

"Kwa nini huwezi?"

Hapo palikuwa na nafasi. Fundi Meno alikuwa na sentensi mdomoni, imekamilika. Lakini sauti aliyoisikia ilikuwa kavu kama ya yule mchumba wa zamani siku ile nje ya mlango wa mama, na mtu aliyeungua na uji hupuliza hata maji. Akasema basi, haidhuru, atatafuta namna. Trafiki naye aliusikia unyonge ule akauita hatia. Hakukiondoa kikomo jioni hiyo, wala iliyofuata, wala iliyofuata. Hawakuitana laazizi tena. Kila mmoja alikaa chumbani kwake akiisubiri simu ya mwenzake, na simu zote mbili zilikuwa na mtandao mzuri kabisa.

Ijumaa Fundi Meno alikuja kaunta. Dada wa Kaunta alipiga simu juu na kumwambia Trafiki ashuke haraka, bila mzaha safari hii. Lifti ilikuwa imetengenezwa, lakini Trafiki alishuka kwa ngazi, taratibu, akijipangia maneno makali. Alimkuta mbele ya foleni nzima, hajanyoa, shati halijapigwa pasi, akimweleza Dada wa Kaunta kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

"Mama yangu ni kiziwi," alikuwa akisema. "Simu ya sauti haimfai kitu. Anaongea kwa mikono na mimi namjibu kwa mikono, na picha ikikatika ni kama umemziba mdomo. Kesho asubuhi wanampasua jicho. Huenda asinione tena. Mmenichukulia jioni nne, dada yangu, na hakuna anayeniambia kwa nini."

Trafiki alisimama kwenye ngazi ya mwisho na maneno yake makali yote yakamtoka. Sifuri ile ya sauti ilimrudia, akaielewa. Angeweza kunyamaza. Kikomo kile kilifutika kwa kubonyeza mara moja na hakuna ambaye angejua. Lakini Fundi Meno aligeuka akamwona, na uso wake, pamoja na uchovu wote ule, ulifurahi.

"Afadhali umekuja," akasema. "Nilitaka kukwambia yote jana. Alitaka kukuona. Ndilo aliloomba, akuone wewe."

"Ni mimi," Trafiki akasema.

"Najua ni wewe."

"Laini yako. Niliifungua nikaona video bila sauti, nikadhani una mwanamke. Nikaifunga."

Alilazimika kulirudia, kwa kuwa mara ya kwanza Fundi Meno hakuelewa. Mara ya pili alielewa. Hakupaza sauti. Mikono yake, ambayo haikutulia kamwe, ilishuka ikatulia.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilikuuliza. Kwa nini hukuniambia?"

Trafiki alimwomba wapande juu, aifungue laini sasa hivi, aketi mbele ya kamera jioni hii, mama amwone. Fundi Meno alitikisa kichwa. Basi lake lilikuwa likiondoka baada ya muda mfupi, na jioni hiyo mama angekuwa tayari amelazwa wodini.

"Na hata kama angekuwepo," akasema, "leo nisingeweza kukutazama nikiwa naye. Angejua."

Akatoka. Watu walimpisha mlangoni bila kuambiwa.

Trafiki alienda moja kwa moja kwa mkuu wake akamweleza. Mkuu alikuwa mtu mnene, mpole, aliyechukia ugomvi kama paka anavyochukia maji. Aliuliza mara mbili kama mteja ameshtaki, akaambiwa hajashtaki, akauliza basi kwa nini amemletea. Trafiki alisema hataki tena kuwa na ufunguo ule. Akanyang'anywa, akaandikiwa onyo, akashushwa kaunta kuwa jirani wa Dada wa Kaunta. Shangazi alipoambiwa alisema wivu kila mtu anao, ubaya ni kuupa ufunguo. Kisha, kwa kuwa alimpenda, akaacha kuuliza swali la Jumapili, na Trafiki aligundua kwamba hata swali lile lilikuwa kampani.

Miezi iliyofuata ilikuwa mirefu. Alituma ujumbe kuomba radhi, ukasomwa, haukujibiwa. Alituma mwingine kuuliza hali ya mama, nao ukasomwa. Kwenye mapumziko alikwenda bado kwenye ngazi zile, kwa mazoea, na simu aliiweka kifudifudi ili asiione haiwaki. Ile karakana ilifungwa na taya zikaondolewa rafuni. Aliyepanga mahali pale baada yake aliuza mapazia.

Kazi moja alijipa mwenyewe. Alimwendea mkuu kila wiki na jambo lile lile, kwamba utaratibu wao una kosa. Wameitanguliza sauti kwa kuwa ndiyo mazungumzo, na kuna watu ambao mazungumzo yao ni picha. Mkuu alisema mtambo haumjui kiziwi. Trafiki akasema waulizwe wenyewe, anayetaka ajiandikishe, na video zake za ana kwa ana zipite pamoja na sauti, mbele ya sinema na mpira. Mkuu alikubali, nusu kwa haki na nusu ili apumzike. Wakaanza kuja kaunta watu wasiosikia, na Trafiki akawa anawaelekeza kwa kalamu na karatasi mpaka fundi viatu mmoja, mzee mcheshi, alipochoka na mwandiko wake mbaya akaanza kumfundisha ishara. Alimfundisha salamu kwanza, kisha matusi mawili ya kirafiki, kisha mengine. Trafiki alijifunza vibaya na kwa bidii. Usiku alirudia mbele ya kioo, na kwa mara ya kwanza aliyaona mazungumzo ya chumba kile alichokuwa amekihukumu kwa namba.

Simu ilikuja Jumapili moja jioni. Alidhani ni Shangazi.

"Ni mimi," Fundi Meno akasema.

Trafiki alikaa chini, pale alipokuwa.

"Mama hajambo?"

"Jicho halikupona. Giza tupu. Nimehamia huku. Kwa kamera hanioni tena, kwa hiyo lazima niwe karibu. Anaweka mikono yake juu ya yangu, anasoma hivyo. Tunaelewana. Mchana natengeneza meno, jioni tunaongea. Yeye akilala mimi nakaa."

"Unakaa na nani?"

"Na nani? Peke yangu."

Hawakusema mengi. Fundi Meno alieleza kwamba jirani mmoja, asiyesikia pia, amemsimulia habari ya utaratibu mpya, na ya mwanamke wa kaunta anayekosea ishara zote lakini hachoki. Alijua ni nani. Trafiki aliuliza kama anaweza kuja. Fundi Meno alisema hajui. Trafiki akasema kutojua si kukataa, na Fundi Meno, kwa mbali, karibu acheke.

Alikwenda. Nyumba ilikuwa ndogo, safi, fanicha zake zote zimesukumwa ukutani ili mtu asiyeona apite. Fundi Meno alimfungulia mlango. Alikuwa amekonda na koti lake lilikuwa na madoa yale yale. Walisalimiana kama wageni, hawakujua waiweke wapi mikono. Mama alikuwa ameketi kwenye kochi, amefunga kitenge kizito kiunoni, uso umeinuliwa kidogo kwa kuwa sakafu ilikuwa imemwambia kwamba wameingia watu wawili.

Trafiki alipiga magoti mbele yake. Mama alinyoosha mikono akamgusa uso kwanza, paji, mashavu, mdomo, akakuta shavu limelowa. Hakuharakisha. Kisha akashuka mpaka mikononi, akaifunika kwa yake, akangoja.

Njia nzima Trafiki alikuwa ameirudia sentensi ile. Sasa vidole vyake vilikuwa chini ya vidole vingine, na alilolizoea kwenye kioo lilikuwa gumu mara mbili kwenye giza la mtu mwingine. Alianza, akakosea, akaanza tena. Mimi ndiye niliyekata maneno yenu. Ulitaka kuniona, nikakunyima. Nisamehe, mama.

Fundi Meno alikuwa amesimama nyuma. Kisha mikono ya mama ikaondoka, ikasema kitu hewani, kirefu, kwa haraka ya mtu aliyezaliwa na lugha hiyo. Trafiki hakushika hata neno.

"Anasemaje?"

"Anasema amenyamaza na hasira muda mrefu, na imemchosha." Fundi Meno alikuwa akitafsiri. "Anasema hajawahi kushika mikono inayoongea vibaya hivi. Anasema huwezi kuondoka mpaka ujue kuongea, kwa kuwa ana mengi ya kukuuliza."

Trafiki alicheka, machozi yakiendelea na safari yake. Mama alimpapasa kichwani, akarudisha mikono mapajani, akangoja kama mtu aliyemaliza kazi yake.

"Huyo ni mama," Trafiki akasema bila kugeuka. "Na wewe unasemaje?"

Aligeuka. Fundi Meno alikuwa ameshajibu, kwa mikono, haraka mno, na mikono ilikuwa tayari imeshuka.

"Sikuona," akasema Trafiki. "Rudia."

Fundi Meno akapiga magoti kando yake, karibu, mahali penye mwanga, akarudia pole pole, ishara moja moja, kama anavyofundishwa mtoto. Nimechoka kukaa peke yangu. Baki.

Mara hii aliielewa yote.